Ndege Imeanguka kwa Waya

Gesi inapomwishia ghafla jirani yangu hapa Njiru, hutoa jiko lake la zamani la mafuta ya taa, hulipangusa vumbi na kuliwasha mlangoni. Harufu hupenya dirishani kwangu kabla sijasikia hata sufuria ikitua. Wengi hukunja pua. Mimi huacha ninachofanya na kusimama kidogo, kwa sababu harufu hiyo hainikumbushi chai wala ugali. Hunikumbusha kiwanja cha ndege.

Acha nikueleze, maana najua linasikika kama jambo la ajabu. Ndege nyingi kubwa hutumia mafuta ambayo ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa. Ukisimama karibu na ndege ya namna hiyo ikiwa imetoka kuzima injini, utadhani kuna mtu anachemsha maharagwe mahali fulani. Ndivyo nilivyodhani mimi, siku ya kwanza kuisikia. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimevaa sweta ya buluu na bereti iliyokuwa ikinishukia machoni, na nikamuuliza dada yangu Mumbua, kwa sauti ya chini, kama chakula kiko karibu. Mumbua alicheka hadi akakohoa. Nafurahi kwamba alicheka, kwa sababu baadaye asubuhi hiyo hiyo nilikuja kuutafuta ule mcheko kichwani mwangu na kuung'ang'ania.

Tulikuwa makadeti wa anga. Jina lilikuwa kubwa kuliko sisi wenyewe. Tulikutana kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa kule Makadara, watoto wa mitaa ya kando ya Jogoo Road, wengine wamevaa viatu vya shule na wengine akala za matairi. Hatukuwa na ndege. Tulikuwa na ndege ya mbao iliyochongwa na baba wa mwenzetu mmoja, na kwa kuwa mzee huyo alizoea kuchongea watalii viboko, ndege yetu nayo ilikuwa na tumbo nene na uso wa upole. Juu ya kiboko huyo mwenye mabawa ndipo tulipojifunza usukani ni nini, mkia unafanya kazi gani, na kwa nini ndege huinuka.

Aliyetufundisha aliitwa Madam Nekesa. Alikuwa fundi wa ndege, mtu wa Bungoma, mwanamke mrefu aliyesema polepole kana kwamba kila neno lilikuwa skrubu ambayo lazima ikazwe kabla ya kushika nyingine. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la redio. Alituazimia zile redio za mkononi ambazo wahudumu wa kanisa walizitumia siku za mikutano mikubwa, akatufundisha kwamba kabla ya kubonyeza kitufe unafikiri kwanza. Ukishabonyeza, unasema unamwita nani, halafu wewe ni nani, halafu uko wapi, na mwisho kabisa ndipo unasema jambo lako. Kisha unamalizia na "ova", yaani nimemaliza, zamu yako. Sisi tulilipenda hilo ova kuliko mengine yote. Kuna kijana mmoja, Odhiambo, tuliyemwita Odi, ambaye aliweza kusema ova vizuri kama mtangazaji lakini yale mengine manne alikuwa akiyasahau kila mara.

Safari ya kwenda kuruka ilipotangazwa, Madam Nekesa alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa ya wazazi. Hakutuma karatasi. Alikuja nyumbani kwetu jioni moja na kukaa kwenye kochi, magoti yakigusa meza, maana nyumba zile za baraza la jiji hazikujengwa kwa watu warefu. Mama alikuwa ametoka kazini Kariokor, ambako alishona mikanda na viatu vya ngozi. Mikanda yetu yote ya ukadeti ilitoka mikononi mwake. Baba hakuwepo. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, leo yuko Mombasa, kesho kutwa yuko Malaba, na sisi tulikuwa tumezoea kuliona koti lake msumarini kuliko kumwona yeye.

Mama aliuliza ndege hiyo ina injini ngapi. Madam akasema moja. Mama akauliza, "Na ikizima?"

Madam Nekesa hakukimbilia kumtuliza. Alieleza kwamba ndege ndogo ikizima injini haidondoki kama jiwe, bali huteleza hewani ikishuka taratibu, na rubani hutafuta mahali tambarare pa kutua. Alitumia kiganja chake kuonyesha. Mama alikitazama kile kiganja mpaka kikatua mezani kando ya kikombe. Akamwongeza chai. Kisha akasema, "Wataenda wote wawili. Lakini juu ataenda mmoja. Mumbua ataruka. Ndinda atabaki chini amwangalie mwenzake."

Ndinda ni mimi.

Mbele ya mgeni hatukujibizana na wazazi. Lakini usiku huo nililia ndani ya blanketi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: Mumbua alikuwa ndiye mtoto, mimi nilikuwa mlinzi. Mumbua, aliyenizidi miaka miwili tu na ambaye hakujua hata kupiga mluzi, angekwenda angani, na mimi ningesimama kwenye nyasi nikishika sweta yake.

Kufikia siku ya safari, wivu ulikuwa umegeuka kuwa kitu kingine, na hiki sikukitarajia. Mama alipokuwa akinifunga mkanda asubuhi, alirudia lile neno. "Umwangalie," akaniambia, akivuta ngozi hadi tundu la mwisho. Unajua watoto hulichukua neno lilivyo. Nilipanda basi la kanisa nikiamini kwamba nimepewa kazi ya kumshikilia dada yangu angani kwa macho. Tulipita Jogoo Road wenzangu wakiimba, tukaingia Kangundo Road, tukapita hapa hapa Njiru ninapoishi sasa, enzi hizo kukiwa bado na viwanja vitupu na ng'ombe, na mimi nikawa nafanya mazoezi ya kutopepesa macho. Nilikuwa nikichagua nguzo ya umeme mbele na kuikodolea mpaka ipite. Machozi yalinitoka, na Odi, aliyekuwa kiti cha nyuma, akaniuliza kama nimeshaanza kulia kabla hata hatujafika.

Kiwanja kilikuwa mbali, kwenye uwanda mkavu wa majani ya kahawia. Hakikuwa na mnara wala jengo la maana. Kilikuwa na kibanda, njia ya lami ya kurukia, na mlingoti wenye kitambaa kirefu chekundu na cheupe kinachovimba kwa upepo. Madam alitwambia kitambaa hicho huitwa soksi, na hakuna aliyeamini hadi rubani mwenyewe alipolitumia neno hilo. Pembeni ilikuwa imeegeshwa ndege ya mizigo, ile iliyonukia maharagwe. Mbele yake ilikuwapo ndege yetu, nyeupe, ndogo kiasi kwamba nilivunjika moyo. Nilikuwa nimeona magari ya kubebea mkate yaliyokuwa makubwa kuliko ile.

Kazi ya kwanza tuliyopewa ilikuwa kujipanga mstari mmoja, bega kwa bega, na kutembea njia yote tukiokota chochote kilichokuwa juu ya lami: kokoto, vipande vya waya, vizibo vya soda.

"Madam, kwani tumekuja kuwa watu wa taka?" akauliza Odi.

Madam alimwonyesha kizibo alichokuwa amekishika. Akaeleza kwamba kitu kidogo namna ile kikivutwa na propela kinaweza kuharibu kazi ya mwezi mzima ya fundi, na hata kuangusha ndege. Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika chapati. Kuanzia hapo niliokota hadi majani. Nilijaza mifuko. Nilirudi nyuma mara kadhaa kukagua mahali ambapo wenzangu walikuwa wamepita, maana sikuamini kwamba wanaokota kwa moyo.

Kisha Madam aligawa majukumu. Odi, aliyekuwa na macho makali, alipelekwa mwisho kabisa wa kiwanja, kwenye fensi ya waya, na redio moja. Huko ng'ambo ya fensi kulikuwa na machinjio, na korongo walikuwa wakizunguka. Wale ndege wakubwa wenye vipara na shingo zilizokunjamana, ambao kila mtoto wa Eastlands, upande wetu wa jiji, anawafahamu kwa jinsi wanavyotembea jalalani kama wazee wanaokagua shamba. Ndege mkubwa kama yule akigongana na ndege ndogo kama ile, ni hatari kwa wote wawili. "Ukiona ndege wanakusanyika karibu na njia, niambie mara moja," Madam alimwagiza Odi. Redio ya pili alibaki nayo yeye.

Kundi la kwanza likaruka, likazunguka, likarudi na kelele nyingi. Kundi la pili lilikuwa la Mumbua, yeye na wenzake wawili. Aliniachia sweta. Alipanda bila kugeuka nyuma, kisha uso wake ukatokea kwenye dirisha dogo, naye hakuwa akicheka. Alikuwa ameukunja mdomo kama anavyofanya kwa daktari.

Ndege ilikimbia, ikanyanyuka, na mimi nikaanza kazi yangu. Nilikodoa macho. Niliiona ikiwa kubwa kama kunguru, halafu kama nyuki, halafu doa. Upande ule kulikuwa na kilima kirefu, na doa lilikwenda nyuma ya kilima. Sauti ilibaki kidogo, kisha nayo ikaisha.

Nilingoja. Kundi la kwanza lilikuwa limepotea nyuma ya kilima hicho hicho na kutokea upande wa pili, kwa hiyo nilihamishia macho upande wa pili na kuyaweka pale. Hakuna kilichotokea. Wenzangu walikuwa wakila mandazi na kubishana ni nani amepiga kelele zaidi angani. Nilimtazama Madam Nekesa. Alikuwa ameweka mkono juu ya macho kuzuia jua, akitazama nilipokuwa nikitazama. Hapo redio yake ikakwaruza.

"Madam, ndege imeanguka."

Ilikuwa sauti ya Odi. Hakumwita mtu, hakujitaja, hakusema alipo. Hakusema ova.

Madam alibonyeza kitufe. Alimwita Odi kwa jina, akataja lake, akamwomba arudie. Kila kitu kwa utaratibu wake, kama kule ukumbini.

"Ndege imeanguka kwa waya," Odi akasema. "Hapa kwa fensi."

"Kuna moshi?"

"Zii. Hakuna moshi."

"Unaona watu?"

"Hakuna watu. Ni mimi peke yangu. Madam, bawa moja imevunjika. Imelala tu. Sidhani itaamka."

Redio ikakwaruza tena, ikanyamaza. Madam alibonyeza, akaita, akaita tena. Betri za kanisa zilikuwa zimefika mwisho wake.

Leo, nikisimulia, wasikilizaji wangu hunikatiza papo hapo. Huniuliza, ndege gani hulala na kuamka? Wana haki. Lakini wao wamekaa kwenye kiti na wanajua kuna hadithi. Mimi nilikuwa nimeshika sweta yenye joto la dada yangu, na mbinguni hakukuwa na kitu.

Mandazi yaliacha kutafunwa. Dereva wa basi, aliyekuwa amelala kwenye kivuli, alikuwa ameketi tayari na simu sikioni. Madam Nekesa alimfikia kwa hatua kubwa, akaishika ile simu na kuishusha. "Hakuna anayepiga simu kwa mzazi yeyote," alisema, "mpaka tuone kwa macho." Kisha akaanza kukimbia kuelekea kwenye fensi. Alikuwa ametuambia tubaki. Nilikuwa sijawahi kumkaidi, lakini miguu ilikuwa imeshaondoka.

Fensi ilikuwa mbali. Nyasi zile zilikuwa na miiba midogo iliyonishika soksi. Katika kukimbia kule, akili yangu haikuwa kwenye ndege wala kwenye moto. Ilikuwa Kariokor, kwenye kibanda cha Mama, kwenye harufu ya gundi. Nilikuwa nikitafuta jinsi ya kumwambia. Na kwa kuwa sikujua njia nyingine, nilitumia ile niliyofundishwa. Mama. Ni mimi, Ndinda. Niko kiwanjani. Hayo matatu yalikuja vizuri. La nne lilikataa. Nikaanza tena kutoka mwanzo. Mama, ni mimi, Ndinda, niko kiwanjani. Nilikimbia nikirudia maneno hayo kwa mdomo, na kila nilipofika kwenye jambo lenyewe pumzi iliisha, nikarudi kwa Mama.

Nilimwona Odi kwanza. Alikuwa amesimama kando ya fensi, sweta yake ameivua. Miguuni pake, ikiwa imefunikwa nusu na ile sweta ya buluu, kulikuwa na rundo la manyoya ya kijivu. Korongo mkubwa, kipara chake kimelala kwenye vumbi, bawa moja limetandazwa upande usiofaa. Juu yake waya wa fensi ulikuwa bado unatikisika.

Madam Nekesa alisimama. Alimtazama korongo, akamtazama Odi, kisha akachuchumaa na kuweka mikono miwili juu ya nyasi, kama mtu anayehakikisha ardhi ipo.

"Si nilisema?" Odi akasema. Alikuwa na machozi, maana alikuwa amemwonea ndege yule huruma. "Uliniambia nikiona ndege niseme. Imeanguka. Nisemeje?"

Hapa ndipo inanibidi nitue kidogo nieleze, hasa kwa wale ambao somo la ngeli liliwapita kushoto. Lugha yetu imeliweka jina moja, ndege, kwa vitu viwili: yule mwenye manyoya na ile ya chuma. Haikuona haja ya kutafuta jina la pili, kwa sababu imetupa njia nyingine ya kuwatenganisha. Mwenye uhai *ameanguka*. Ya chuma *imeanguka*. Silabi moja tu, na mtu anajua kama alie au asilie. Lakini sisi wa Eastlands tulikuwa tumekulia kwenye Sheng ya mitaani, na Sheng haina muda wa mambo hayo. Kwetu mbwa ilibweka, paka ilikula samaki, na hata mtoto mchanga wa jirani ililala. Odi hakukosea kwa lugha aliyoijua. Aliona ndege, ndege ikaanguka kwa waya, akasema.

Ungedhani nilifurahi. Wenzangu waliokuwa wametufuata walifurahi, walianza kucheka kwa ile sauti ya juu ya watu waliotoka kuogopa, na mmoja akampiga Odi kofi la mgongo akisema, "Buda, umetutoa roho." Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwona korongo, ndiyo. Lakini korongo kuwa korongo hakukuniambia Mumbua yuko wapi. Kilima kilikuwa pale pale. Anga ilikuwa tupu vile vile. Niligundua kwamba Madam naye hakuwa akicheka. Alikuwa amesimama tena, uso umeelekea kilimani, na alinyoosha mkono bila kunitazama akaushika wangu. Mkono wake ulikuwa mgumu wa kazi, na ulikuwa umelowa jasho kuliko wangu.

Sauti ilikuja kutoka nyuma yetu. Mwanzoni ilikuwa kama cherehani katika chumba cha mbali. Tuligeuka wote. Ndege ilikuwa ikija kutoka upande ambao hatukuwa tukiutazama kabisa, chini ya jua, nyeupe, ikiyumba kidogo kama mtu anayevuka barabara na mizigo. Baadaye rubani alitueleza kwamba aliwaona korongo wakiinuka karibu na njia, akaamua kuzunguka mbali hadi watawanyike. Kwake lilikuwa jambo la kawaida. Aliagiza soda.

Sikungoja magurudumu yasimame vizuri; Madam alinishika mkanda, ule mkanda wa Mama, hadi propela ilipotulia. Mumbua alishuka, rangi ya uso wake imekuwa ya majivu, na mkononi ameshika mfuko wa karatasi aliokuwa ameukunja juu kwa uangalifu. Alinitazama nikilia, akashangaa.

"Mbona wewe ndiye unalia?" akauliza. "Mimi ndiye nimetapika."

Kabla ya kupanda basi, Madam Nekesa alitupanga mstari. Hakumgombeza Odi. Alimwambia mbele yetu wote kwamba alifanya alichotumwa, na kwamba aliifanya kazi yake mapema kuliko mtu mzima yeyote pale. Kisha akatufanya turudie, wote kwa pamoja, tukiwa tumeukabili uwanda ule mtupu: ndege ameanguka, ndege imeanguka. Ameruka, imeruka. Amevunjika bawa, imevunjika bawa. Kwa mbali tulionekana kama watu wanaosali. Korongo aliwekwa kwenye katoni, na mlinzi wa kiwanja akaahidi kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Sikuwahi kujua kilichompata. Odi aliitwa Korongo tangu siku hiyo, na nadhani hata watoto wake wanamjua kwa jina hilo.

Jioni Mama aliporudi, Mumbua alikuwa amepata rangi yake na alikuwa juu ya kiti, akionyesha kwa mikono miwili jinsi dunia inavyolala upande ndege inapokunja kona. Habari ya mfuko wa karatasi haikuwamo. Habari ya korongo tulikuwa tumekubaliana isitajwe nyumbani, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikichomoa miiba kwenye soksi. Mama alisimama mlangoni, mkoba begani. Alimtazama Mumbua mara moja, kama anayethibitisha. Halafu akaja moja kwa moja kwangu. Aliniwekea kiganja shavuni, kile kiganja kinachonuka ngozi na gundi, akaniuliza kama nimekula.

Nikasema nimekula. Nikamwambia kwa haraka kwamba aliyeruka ni Mumbua, nikidhani amesahau.

"Najua aliyeruka," Mama akasema. "Wewe ndiye umechoka." Akaenda jikoni akanipakulia mimi kwanza, na nyama ya juu ya sufuria. Mumbua alilalamika. Nami, nakiri, nilikula kwa aibu, nikiamini kwamba nimepewa sahani ya mtu mwingine.

Miaka mingi ilipita kabla sijamweleza Mama. Baba alikuwa ameshaacha lori, goti lake lilikuwa limechoka na kanyagio, na siku hizo alishinda verandani akisikiliza redio. Nilikuwa nimewatembelea, na mume wangu alikuwa barabarani usiku uliopita kutoka Kisumu, simu yake imezimika. Nadhani ndiyo sababu hadithi ilinitoka. Nilimsimulia Mama yote, kizibo, kilima, Odi na redio yake. Alicheka. Alicheka hadi akajifuta macho kwa kanga, akarudia "sidhani itaamka" mara kadhaa kwa sauti ya Odi, ambaye alimfahamu tangu akiwa mdogo.

Kisha akaanza kulikunja pindo la kanga.

"Ulikaa muda gani kabla hujaona ndege yenyewe?" akauliza.

Nikamwambia sikumbuki. Haukuwa mrefu.

"Hauwi mrefu," Mama akasema. "Ni vile tu hauna mwisho."

Nilikuwa nikiona, kwa mara ya kwanza, usiku wote ule wa utoto wetu ambao nilidhani Mama amelala. Malori ya masafa marefu huanguka, kila wiki watu huyasoma gazetini, na mke wa dereva husikia neno hilo sokoni, kanisani, kwenye mlango wa jirani, na hana fensi ya kuikimbilia kuhakikisha ni lipi limeanguka. Hakunibakiza chini kwa sababu Mumbua alikuwa mtoto zaidi yangu. Alikuwa anajua kwamba mmoja lazima abaki, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akibaki siku zote, na aliporudi jioni ile alimtafuta yule aliyefanya kazi aliyoifahamu.

Baba aliingia akichechemea, akauliza tulikuwa tunachekea nini hadi tukasikika verandani. Mama akamwambia habari ya korongo. Baba alicheka sana, akajishika kiunoni, akasema watoto wa Makadara watakuja kuiua lugha hii. Ile sehemu nyingine, ya kungoja, Mama hakumwambia, nami sikumwambia. Nilisogeza kiti ili Baba akae, Mama akainuka kwenda kumletea chai.